Mahafali ya chuo cha wananchi: tunampongeza nani, na kwa lipi?

Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa utaratibu wa mahafali nchini Tanzania. Wahitimu huingia kwa maandamano, Wimbo wa Taifa huimbwa, risala husomwa ikiwa na mafanikio mwanzoni na changamoto mwishoni, mgeni rasmi huahidi kuzifikisha changamoto panapohusika, vyeti hutolewa, kisha huja zawadi. Ni hapo kwenye zawadi ninapotaka tukae kidogo. Karibu kila mahali huitwa mwanafunzi bora kitaaluma, wa kwanza hadi wa tatu, na wakati mwingine huongezwa mwenye nidhamu na msafi. Shule ya sekondari inayopokea watoto wa rika moja, waliofaulu mtihani mmoja na wanaosoma masomo yaleyale, inaweza kujitetea kwa utaratibu huo. Chuo cha maendeleo ya wananchi hakina utetezi wa namna hiyo, kwa sababu watu wanaokaa pamoja katika madarasa na karakana zake hawakuanza safari mahali pamoja, na kuwapanga kwa namba siku yao ya furaha ni kupima kitu ambacho chuo hicho hakikuanzishwa kukipima. Hoja yangu ni kwamba vyuo hivi vinastahili sherehe kubwa kuliko zinazofanyika sasa, na kwamba sherehe hizo ziheshimu kazi iliyofanyika na umbali aliousafiri kila mtu, wakiwemo watumishi ambao majina yao hayasomwi kamwe.

Tuanze na asili yake, maana ndiyo inayoeleza mengi. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo wengi huviita FDC, vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuvutiwa na shule za wananchi za nchi za Skandinavia. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: shule ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kwa kufuata fikra za mchungaji N.F.S. Grundtvig, aliyeamini kwamba mtu mzima wa kijijini anajifunza kwa mazungumzo, kwa maisha ya pamoja na kwa kazi, na aliyeuchukia mtihani wa kukariri. Sweden ilianzisha za kwake mwaka 1868, na hadi leo shule hizo hazitoi alama za kila somo kama shule za kawaida. Wazo hilo lilipofika Tanzania lilikuta udongo ulioandaliwa. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa mwaka 1967, mwaka 1970 ulikuwa umepewa jina la Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kilikuwa kikienda kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika zimewahi kuifikia: takwimu za Serikali zilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wakipungua kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi asilimia 27 mwaka 1977. Chuo cha wananchi kilikusudiwa kumpokea mtu aliyekwisha kujua kusoma na sasa anataka ujuzi wa kumsaidia yeye na kijiji chake. Vijiji ndivyo vilivyochagua wa kupelekwa. Hakuna aliyefikiria kumtafuta wa kwanza darasani, kwa kuwa swali lilikuwa moja tu: akirudi nyumbani, ataweza kufanya nini ambacho hakuweza kabla?

Leo kuna vyuo 54 vya aina hiyo, kuanzia Arnautoglu katikati ya Dar es Salaam hadi Gera mkoani Kagera, Mamtukuna kule Rombo, Kisangwa wilayani Bunda, Ikwiriri karibu na mto Rufiji na Nandembo huko Tunduru. Viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, baada ya miaka mingi chini ya wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, na vimeongeza mafunzo ya ufundi stadi yanayofuata mitaala ya VETA. Ukisoma orodha ya wanachuo wa chuo kimojawapo unakutana na kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana akakosa nafasi ya kuendelea, na aliyekaa naye benchi moja kwenye useremala ni baba wa watoto watatu aliyeishia darasa la saba. Kwenye ushonaji yupo msichana aliyeacha shule akiwa kidato cha pili, na kwenye kilimo na mifugo yupo mtu aliyefuga miaka kumi kabla hajasikia neno chanjo likielezwa vizuri. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania Organization pamoja na vyuo hivi, wanawake vijana waliokatishwa masomo wanarudi kusoma sekondari kwa muda mfupi, huku wakijifunza ufundi na ujasiriamali, na watoto wao wanalelewa palepale chuoni. Sasa mwambie mkuu wa chuo awapange watu hawa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ataweza, kwa kuwa hesabu haikatai kujumlishwa. Lakini namba atakayoipata itamweleza zaidi nani alikuwa na shule nzuri ya msingi kuliko nani alijifunza sana chuoni kwake.

Pengine mtu atasema hayo ni maoni tu, na kwamba ushindani umewasukuma wengi mbele. Ushahidi bora ninaoujua kuhusu jambo hili haukutoka mbali. Umetoka nchi jirani ya Zambia, ambako watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Scott Lee walitumia mafunzo ya kitaifa ya wahudumu wa afya wa jamii kuchunguza tuzo zinafanya kazi kwa njia ipi. Walitenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayafunga kwenye kifurushi kimoja: mwajiri kutambua kazi ya mtu, jamii kuiona heshima hiyo hadharani, na mtu kujua amekuwa wa ngapi akilinganishwa na wenzake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuwa wazi. Kutambuliwa na mwajiri kuliongeza juhudi, na kuheshimiwa mbele ya watu kuliongeza juhudi. Kulinganishwa na wenzao kulizipunguza, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa nyuma tangu mwanzo. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu anayehofia kuambiwa ni dhaifu huamua kutojitutumua, ili matokeo mabaya yasiwe hukumu juu ya uwezo wake. Hao waliopimwa Zambia walikuwa watu wazima kutoka vijijini waliokuwa wakijifunza kazi ya kuwatumikia wenzao. Ni vigumu kupata kundi linalofanana zaidi na wanachuo wa FDC. Ukiyachukua matokeo hayo kwa uzito wake, mahafali yetu yameweka nguvu kwenye sehemu ile moja inayoharibu, na yameziacha dhaifu sehemu mbili zinazojenga. Maana mwajiri mara nyingi hayupo ukumbini, na kazi ya mikono ya wahitimu, kama ipo, imepangwa kwenye meza ya nje ambayo mgeni rasmi huipitia kwa dakika chache akielekea jukwaani.

Sisemi kwamba kila tuzo husaidia mradi isiwe ya kupanga namba. Utafiti mwingine, uliofanywa California kwa wanafunzi zaidi ya 15,000 ukiongozwa na Carly Robinson, uliangalia tuzo za mahudhurio kamili. Tuzo iliyoahidiwa mapema haikubadilisha chochote, na waliopewa bila kutarajia waliongeza utoro mwezi uliofuata. Watafiti wanadhani wanafunzi hao waliisoma tuzo kama ujumbe kwamba wamekwisha kufanya zaidi ya wanavyotakiwa. Kwa hiyo pongezi ina lugha, na anayepokea anaisikia vizuri kuliko anayetoa. Baraza la Mitihani la Tanzania linaelekea kulijua hilo. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wa miaka mingi wa kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, likieleza kwamba kuwashindanisha watu wasiosoma katika mazingira yanayofanana hakuna tija. Wapo waliolalamika, na baadhi ya malalamiko yao yalikuwa ya kweli: wazazi walitumia orodha zile kuchagua shule. Lakini kama taifa limekubali kwamba watoto wa kidato cha nne, wenye rika moja na mtihani mmoja, hawalinganishiki kwa haki, sioni ni kwa mantiki gani chuo cha wananchi kiendelee kumlinganisha bibi wa miaka arobaini na mitano na kijana wa kumi na saba.

Pingamizi zito zaidi ni la viwango. Linasema hivi: nchi hii imeumizwa vya kutosha na heshima zisizo na kazi nyuma yake, na ukianza kumpongeza kila mtu kwa safari yake utakuwa na mafundi umeme wanaopongezwa kwa moyo wao ilhali nyaya walizofunga zinaunguza nyumba. Pingamizi hili silichukulii kwa wepesi. Aprili 2017 uhakiki wa Serikali ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kila aliyewahi kutibiwa au kufundishwa na mtu asiye na sifa anajua gharama yake. Lakini tulitazame vizuri. Walioghushi vyeti walifanya hivyo kwa sababu karatasi ilikuwa imepewa heshima yote na ujuzi haukuulizwa. Ninachopendekeza kinakwenda kinyume cha hapo. Cheti kibaki na masharti yake, mtihani wa vitendo usilegezwe hata kidogo, na asiyefikia kiwango cha ngazi yake asipewe, hata kama ametoka mbali namna gani. Baada ya hapo, kati ya waliofikia kiwango, kinachotajwa mbele ya watu kiwe ujuzi unaoonekana: huyu alitengeneza madawati ya shule ya msingi ya jirani, yule aliufunga mfumo wa maji wa bweni la wasichana na haujavuja, wale watatu walishona sare za darasa zima. Kauli kama hizo zinamdai mtu zaidi kuliko wastani wa alama, kwa sababu dawati lipo na mtu yeyote anaweza kulikalia. Mwelekeo huo si mgeni kwetu. Programu ya Serikali ya kurasimisha ujuzi, inayowapima mafundi waliojifunza mtaani bila kupita chuoni na kuwapa vyeti wanaostahili, imejengwa juu ya imani hiyohiyo: muulize mtu anaweza nini, kisha mpe heshima yake.

Lipo pia pingamizi la kimaadili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini lakini lina nguvu kwenye familia nyingi. Kumpandisha jukwaani msichana aliyepata mimba akaacha shule, wanasema, ni kuwaambia wadogo zake kwamba hakuna hasara. Tanzania imelibishania suala hili hadharani. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema, akiwa Chalinze, kwamba waliopata mimba hawatarudi katika shule za Serikali, na Novemba 2021 wizara ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Katika miaka hiyo iliyo katikati, vyuo vya wananchi vilikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi. Ninayaheshimu maumivu ya mzazi anayetaka mwanawe mdogo asipitie njia ile. Hata hivyo, hakuna mtoto wa kike anayemwona dada yake akiamka usiku kumnyonyesha mtoto, akisoma hesabu za kidato cha kwanza upya akiwa na miaka ishirini na mmoja, akakaa mwaka mzima mbali na nyumbani, kisha akahitimisha kwamba hiyo ndiyo njia rahisi. Anachokiona ni kwamba kosa, au dhuluma, maana mara nyingi ilikuwa dhuluma, halimfungi mtu maisha yake yote. Na anayepongezwa anapongezwa kwa kurudi na kumaliza. Sioni maadili gani yanalindwa kwa kumnyamazia.

Nifike kwa watumishi, ambako naona ukimya ni mkubwa zaidi. Vyuo vya jamii vya Marekani vinatoa funzo hapa, kwa kuwa navyo hupokea watu wazima, wazazi na walioangushwa na shule. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP katika vyuo vyake vya jamii. Haukubadilisha sana kinachofundishwa. Ulimpa kila mwanafunzi mshauri mwenye watu wachache wa kuwaangalia, ukalipia nauli na vitabu, na ukamtaka asome kwa muda wote bila kukatiza. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliupima kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, na baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao waliobaki nje. Tofauti kama hiyo ni nadra sana katika utafiti wa elimu, na imetokana kwa sehemu kubwa na watu wasiosimama mbele ya ubao. Ukiihamishia picha hiyo kwenye FDC, mshauri yule ni matroni anayejua nani hajala, ni mlezi katika kituo cha watoto anayempa mama saa nne za kusoma bila wasiwasi, ni mtunza stoo anayehakikisha mbao na vitambaa vipo siku ya mazoezi, ni mpishi, ni mlinzi anayefungua karakana jioni kwa anayetaka kurudia kazi iliyomshinda mchana. Mwanachuo mwenye mtoto mchanga hamalizi masomo kwa sababu ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Anamaliza kwa sababu mtoto wake aliwekwa mikononi mwa mtu anayemwamini.

Utaratibu wetu wa kuwaheshimu watumishi ni Mei Mosi, siku ambayo kila taasisi hutoa mfanyakazi hodari na kumkabidhi cheti na bahasha. Si utaratibu mbaya, ila unabeba kasoro ileile ya namba moja: anachaguliwa mmoja, vigezo havielezwi, na katika taasisi nyingi wenzake hunong'ona kwamba ilikuwa zamu yake. Mahafali yangeweza kufanya kilichoshindikana Mei Mosi, kwa kuunganisha jina la mtumishi na kazi inayoonekana siku hiyohiyo. Risala ikisema kwamba kati ya akina mama walioanza pamoja mwaka ule wote walimaliza isipokuwa wawili, kisha ikataja walezi wa kituo cha watoto kwa majina, ukumbi mzima utaelewa uhusiano huo bila kuhubiriwa. Najua jibu litakalotolewa na mtumishi aliyesubiri kupandishwa daraja kwa miaka: makofi hayalipi kodi ya nyumba. Yuko sahihi kabisa, na chuo kinachotumia sherehe kama mbadala wa stahiki kinawakosea watu wake. Ndiyo maana ninapenda pongezi hizo ziandikwe. Sifa iliyotajwa mahafalini iingie kwenye jalada la mtumishi, ikiwa na tarehe na kazi husika, ili siku ya kujadili upandishwaji wake pawe na ushahidi mezani. Mkufunzi wa ujenzi ambaye wahitimu wake wanafungua kampuni ndogo wilayani hana leo karatasi yoyote inayoonyesha hivyo.

Gharama haziniogopeshi sana. Kinachokula fedha za mahafali ni mahema, muziki na chakula, na hayo yatakuwepo vyovyote vile. Kubadilisha ratiba hakuhitaji bajeti. Kunahitaji maandalizi: kuwaalika mapema wenye gereji, wakandarasi wa wilaya, wenye hoteli na maofisa wa halmashauri ili wawepo kama waajiri, wazione kazi na waseme hadharani walichokiona, kuwaita wahitimu wa miaka mitatu iliyopita waeleze kazi wanazofanya, na kuweka meza ya bidhaa za wanachuo katikati ya uwanja, kila bidhaa ikiwa na jina la aliyeitengeneza na la aliyemfundisha. Chuo kitakacholazimika kuwatafuta wahitimu wake wa miaka iliyopita kwa ajili ya sherehe kitajikuta kinajenga kumbukumbu ambazo wizara yoyote ingezitamani. Kitajua nani ameajiriwa, nani amejiajiri, na ni fani gani imejaa watu wilayani ilhali fani nyingine inalilia mafundi. Tangu mwaka 2019 mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yamekuwa yakiwakutanisha wabunifu wa ngazi mbalimbali, wakiwemo wa vyuo vya ufundi, na yameonyesha kwamba kifaa kilichotengenezwa na kijana asiye na shahada kinaweza kumsimamisha waziri akauliza maswali ya kweli. Hakuna sababu ya jambo hilo kungoja mashindano ya kitaifa.

Ipo tahadhari moja ambayo ningependa wakuu wa vyuo waishike sana. Pale sherehe zinapohudhuriwa na wafadhili, hutokea kishawishi cha kumweka mwanachuo mbele ya kipaza sauti asimulie yaliyompata: ndoa ya utotoni, kipigo, mtoto aliyezaliwa bila baba kujitokeza. Watu hulia, picha hupigwa, na yeye hurudi kwenye kiti chake akiwa amewaachia watu mia tatu siri ya maisha yake. Mtu asiombwe kulipia masomo yake kwa namna hiyo. Kupima umbali aliotoka hakuhitaji kufungua majeraha yake, maana chuo kina kumbukumbu za siku aliyoripoti: alijua nini, alishindwa nini, na leo ameshika nini mkononi. Hayo yanatosha kusomwa, naye aonyeshwe maneno yake siku mbili kabla, akiwa na haki ya kufuta chochote. Akitaka mwenyewe kusimulia zaidi, ni lake. Asipotaka, asomewe jina lake kamili, fani yake, kazi aliyoikamilisha na wakufunzi waliomfundisha, kisha apokee cheti chake mbele ya mwanawe na ndugu zake waliosafiri kuja kumwona.